KADI YA CHAMA SI KADI YA KLINIKI

KIJANA wa Boko, hebu kunja mkono wa shati lako utazame karibu na bega. Utaona kovu dogo la mviringo. Kovu hilo hukulipata kwenye mpira wala kwa kuanguka na bodaboda. Ulilipata ukiwa kichanga, siku mama yako alipokubeba, akapanga foleni kliniki tangu asubuhi, ukachomwa sindano ukalia. Ni kovu la chanjo ya kifua kikuu.

Sasa mtazame mwenzako hapo kijiweni Magengeni. Yule anayevaa fulana ya kijani kila kampeni zinapoanza analo. Yule wa kombati analo. Yule aliyekuwa CUF akahamia ACT-Wazalendo analo. Na yule anayesema siasa ni mchezo mchafu, hataki kusikia habari ya chama chochote, naye analo.

Mama zenu hawakuulizwa kadi ya chama siku ile. Waliulizwa kadi ya kliniki. Leo tunataka kuzungumza nawe, ndugu msomaji, juu ya kadi hizi mbili, na jinsi sisi Watanzania tulivyozichanganya mpaka mtu akawa anaamua achanjwe au asichanjwe kwa kutazama bendera inayopepea kwenye tawi lake. Hili si jambo la mzaha. Watu wamezikwa.

TULIKOTOKA

Turudi kwenye ugonjwa wa corona, maana jeraha lile bado halijapona na wengi wanapenda tulisahau.

Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu za serikali zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo kimya, zaidi ya mwaka mzima. Tarehe 3 Mei 2020 Rais John Magufuli alilieleza taifa kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara zikaonekana zina corona, kwa hiyo vipimo haviaminiki. Kabla ya hapo, Aprili 2020, gazeti la Mwananchi lilifungiwa leseni ya mtandaoni miezi sita na kutozwa faini ya shilingi milioni tano kwa picha ya Rais akiwa sokoni katikati ya watu. Ndugu zetu wakaanza kufa kwa kitu kilichopewa jina jipya, "changamoto ya upumuaji". Ugonjwa ukawa na jina la bandia kama mtuhumiwa anayekimbia polisi.

Kisha tarehe 27 Januari 2021, akiwa kwao Chato, Rais aliionya Wizara ya Afya isikimbilie chanjo za kigeni. Hoja yake ilikuwa kwamba kama wazungu wangekuwa mabingwa wa chanjo, basi Ukimwi ungekuwa na chanjo, kifua kikuu kingekuwa historia, na malaria na kansa zingepatiwa chanjo vile vile. Siku chache baadaye, tarehe 1 Februari 2021, Waziri wa Afya Dk. Dorothy Gwajima akatangaza kwamba wizara haina mpango wa kupokea chanjo ya corona, na wananchi wakafundishwa kutengeneza kinywaji cha tangawizi, vitunguu na malimao.

Hebu tuipime hoja ile ya Chato bila hasira. Chanjo ya kifua kikuu ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1921 huko Ufaransa, na kovu lake liko mkononi mwako. Haikumaliza ugonjwa duniani, lakini huwakinga watoto wadogo na kifua kikuu kibaya kinachoshambulia ubongo. Ya kansa je? Aprili 2018 serikali hiyo hiyo ilizindua kwa nchi nzima chanjo dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana, na aliyeizindua, hapo Mbagala katika Temeke yetu, alikuwa Makamu wake wa Rais, Samia Suluhu Hassan. Ya malaria ilikuwa inafanyiwa majaribio kwa miaka mingi Korogwe na Bagamoyo. Bagamoyo hii hii! Panda daladala hapo Boko elekea kaskazini, barabara ndiyo hiyo. Watoto wa Kitanzania walikuwa wanachangia kuitafuta chanjo ya malaria mwisho wa barabara yetu, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha itumike.

Mkuu wa nchi alikosea, na alikosea juu ya mambo yaliyokuwa ndani ya nchi yake. Lakini nani angemwambia? Waziri? Mbunge? Mhariri aliyeshuhudia leseni ya mwenzake ikifungiwa?

Mwishoni mwa Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza hadharani kwamba Mwenyekiti wake, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana corona. Walisema ukweli wakati kusema ukweli kulikuwa na gharama. Maalim alifariki tarehe 17 Februari 2021. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 17 Machi 2021, Rais Magufuli naye akafariki, na serikali ikasema ni maradhi ya moyo. Mungu awarehemu wote.

PICHA UKUTANI

Sasa ndipo yakaanza maajabu ya Musa.

Rais Samia aliapishwa tarehe 19 Machi 2021, akaunda kamati ya wataalamu, na kamati ikashauri chanjo iletwe. Tarehe 24 Julai 2021 zikatua dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson kutoka Marekani. Tarehe 28 Julai Rais akachanjwa mbele ya kamera.

Wale waliotuambia Januari kwamba chanjo ni njama za mabeberu, Julai wakatuambia ni uzalendo. Wakuu wa wilaya waliopiga nyungu mbele ya waandishi wa habari wakakunja mikono kuchomwa sindano mbele ya waandishi wale wale. Sayansi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni picha inayotundikwa ukutani ofisini.

Je, tuwacheke? Tuwacheke kidogo. Lakini usicheke sana, kijana wa upinzani, kwa maana zamu yako inakuja.

Januari ile sisi wa upinzani tulikuwa wakali. Tulidai takwimu. Tulisema serikali inaficha maiti. Mei ya mwaka uliotangulia, Mwenyekiti wa Chadema Freeman Mbowe aliwataka wabunge wake watoke bungeni Dodoma wakajitenge siku 14 baada ya wabunge watatu kufariki katika muda mfupi, na Spika wa wakati ule akawaita watoro. Tulikuwa upande wa madaktari.

Ikafika Agosti 2021. Chanjo imekuja. Ukipita vijiweni Boko, Basihaya, Bunju mpaka Tegeta, ukiuliza umechanja, unasikia vijana wale wale waliolia serikali imekataa chanjo wakisema: "Chanjo ya Samia? Sichanji ng'o!" Mmoja alituambia wazi kwamba serikali iliyomkamata Mbowe usiku kule Mwanza haiwezi kumletea yeye kitu chenye heri.

Tunaielewa hasira ile, tena tunaishiriki. Mbowe alikamatwa tarehe 21 Julai 2021 akijiandaa kwa kongamano la Katiba, akabambikiwa kesi ya ugaidi, akakaa ndani mpaka tarehe 4 Machi 2022 kesi ilipofutwa. Kati ya kukamatwa kwake na uzinduzi wa chanjo kulikuwa na wiki moja tu. Mkono uliomfunga pingu kiongozi wako ndio huo huo unaokunyooshea sindano. Binadamu gani asingesita?

Lakini tafakari nasi. Hasira yako ni ya nani? Ni ya serikali. Mapafu ni ya nani? Ni yako. Mama yako mwenye kisukari anayelala chumba cha pili ni wa nani? Ukigoma kuchanja ili kuikomoa serikali, serikali inakomoka wapi? Waziri ana oksijeni, ana gari la wagonjwa, na akizidiwa ana ndege ya kumpeleka India. Wewe una bajaji na foleni ya Mwenge. Mkuki unaomrushia adui ukageuka ukakuchoma mwenyewe hauitwi mapambano.

ZIDUMU FIKRA

Ugonjwa wenyewe ni huu, na ni wa zamani kuliko corona.

Tulirudi kwenye vyama vingi tarehe 1 Julai 1992. Kabla ya hapo chama kilishika hatamu, na tuliimbishwa zidumu fikra za Mwenyekiti. Kazi ya kufikiri ilikuwa ya mtu mmoja, sisi wengine kazi yetu makofi. Mageuzi yalipokuja tulidhani tumemaliza ukiritimba ule. Kumbe tuliugawa! Badala ya Mwenyekiti mmoja wa kutufikiria, sasa tunao wengi, kila chama na wake. Kijana wa kijani anasubiri Mwenyekiti aseme chanjo ni sumu, anaitikia. Mwenyekiti mwingine anasema ni dawa, anaitikia. Kijana wa upinzani naye hafikiri zaidi, anasubiri kusikia wale wamesema nini ili aseme kinyume. Mtu anayepinga kila kitu anatawaliwa na yule anayempinga, maana hawezi kusema kabla mwenzake hajasema.

Huo si upinzani. Ni zidumu fikra iliyovaa shati la ndani-nje.

Nasi watu wa jimbo la Kawe, ambamo Boko yetu imo, tuliushuhudia mchezo huu kwa karibu kuliko Watanzania wote. Uchaguzi wa 2020 ulimtoa Halima Mdee wa Chadema na kumpa ubunge Askofu Josephat Gwajima wa CCM. Katikati ya 2021 Askofu alisimama madhabahuni akahoji usalama wa chanjo na kuwaonya waumini wake. Waziri wa Afya, naye Gwajima, akaagiza vyombo vya dola vimhoji. Mji mzima ukacheka, Gwajima kwa Gwajima! Tarehe 31 Agosti 2021 Bunge likamfungia Askofu asihudhurie mikutano miwili.

Sisi hatukukubaliana na Askofu juu ya chanjo, na hatukubaliani naye mpaka leo. Lakini tunauliza, polisi na kamati ya maadili walijibu hoja ipi? Mwananchi wa Boko aliyekuwa na wasiwasi alibaki na wasiwasi wake, ila sasa aliongeza na jingine: kama chanjo ni nzuri, mbona anayeiuliza anaitiwa polisi? Tena wako vijana wa upinzani ambao mwaka mmoja kabla walimpigia kelele Askofu kwamba kachukua jimbo kwa mabavu, sasa wakamgeuza shujaa kwa sababu tu kagombana na serikali. Na wako wanachama wa CCM waliokula na kunywa naye kwenye kampeni, sasa wakamwita msaliti. Ni watu wangapi waliokaa wakaisoma hiyo chanjo yenyewe inafanya nini mwilini?

SI SISI PEKE YETU

Usidhani ni ujinga wa Mwafrika. Marekani, taifa lenye maabara kuliko nchi yoyote, liligawanyika vile vile. Chanjo za corona zilitengenezwa haraka kwa fedha za serikali ya Donald Trump, na yeye mwenyewe alichanjwa Januari 2021 kimya kimya kabla ya kuondoka Ikulu. Lakini wafuasi wa chama chake wakawa wagumu kuchanja kuliko wa chama cha Joe Biden. Tarehe 21 Agosti 2021, kwenye mkutano wa hadhara huko Alabama, Trump aliwaambia wafuasi wake wachanje, akazomewa na watu wake mwenyewe! Kiongozi anayeuruhusu moto uwake akidhani atauzima akitaka, ajifunze hapo.

Jirani zetu Kenya nao wana lao. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai chanjo ya pepopunda waliyopewa akina mama imetiwa dawa ya kuwafunga uzazi. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha. Jambo likapoa. Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipokwisha kufuta uchaguzi wa rais na kampeni za marudio zikiwa zimepamba moto, marehemu Raila Odinga akaliibua upya jukwaani kama hoja ya kuisulubu serikali. Tunamheshimu Raila kwa mageuzi aliyoyapigania Afrika Mashariki. Lakini pepopunda haikuwa silaha ya kupigania kura. Kichanga kinachokufa kwa pepopunda siku chache baada ya kukatwa kitovu hakina kura.

Kano, kaskazini mwa Nigeria, walilipa zaidi. Mwaka 2003 viongozi wa jimbo walisimamisha chanjo ya polio wakisema ni njama ya kuwapunguza Waislamu. Serikali ya jimbo ilikuwa ya upinzani, serikali kuu ya chama kingine. Chanjo ilirudi Julai 2004, tena ile iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Lakini polio ya Nigeria ilikwisha kusafiri nchi nyingi za Afrika, na mwaka 2005 ikafika Indonesia kwenyewe.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuwatukana watu wa Kano. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa mpya kwa watoto pale Kano. Kati ya watoto 200 walioingizwa kwenye majaribio, 11 walikufa, na mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na serikali ya jimbo. Ile ilikuwa dawa, haikuwa chanjo, lakini nani alitegemea mzazi atofautishe? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushituka. Na huko Pakistan, majasusi wa Marekani walitumia kampeni ya bandia ya chanjo kumsaka Osama bin Laden kabla hawajamuua mwaka 2011. Wasiwasi wa maskini una historia. Hautibiwi kwa kumwita mshamba.

Nasi tunayo historia yetu. Mwaka 1905 babu zetu wa kusini waliahidiwa kwamba maji yatageuza risasi za Mjerumani. Hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliochoka kuonewa, wakatamani kumwamini yeyote anayesimama kinyume cha mwonevu. Ushujaa wao tunauenzi mpaka leo. Lakini risasi hazikugeuka maji. Haki ya madai yao haikubadilisha risasi, na haki ya madai yako haibadilishi virusi.

ILIPOFANIKIWA

Kuna jambo moja la kutia moyo ambalo halisemwi vijiweni. Mwanzoni mwa 2022 Watanzania waliokamilisha chanjo ya corona hawakufika watano katika kila mia. Kufikia 2023 ilikuwa karibu nusu ya wananchi wote. Nini kilibadilika? Si hotuba. Wahudumu wa afya walitoka vituoni wakaenda sokoni, mashambani, stendi na nyumba kwa nyumba. Aliyekuja mlangoni alikuwa muuguzi unayemfahamu, aliyempima mkeo ujauzito, na si mkuu wa mkoa na msafara wa magari. Chanjo ilipotoka jukwaani ikaenda uani kwa watu, ikapokelewa.

Na hili si geni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Ndiyo, ilikuwa enzi ya chama kimoja na tunazijua dhambi za enzi ile. Lakini walau watu walikaa duara wakaulizana maswali. Mwaka 1975 ukaanza mpango wa taifa wa chanjo kwa watoto, ndio uliotuachia makovu mikononi.

KILICHO MBELE YETU

Utasema corona imepita, ya nini kufukua makaburi? Tunakujibu: mazoea hayakupita.

Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wanapewa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, na tangu Aprili 2024 ni dozi moja tu. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Lakini sasa kaka anamzuia mdogo wake, baba kijana anamkataza mwalimu, eti "hizi ni zile zile za corona, watazifunga tumbo". Februari 2022 Malawi walitangaza mtoto mwenye polio, nasi tukalazimika kupita nyumba kwa nyumba kuwapa watoto matone. Mwaka 2023 polio ikaonekana kwetu Rukwa. Kila kampeni ya namna hiyo inakutana na mlango uliofungwa na mtu ambaye ugomvi wake hauna uhusiano na polio. Ugomvi wake ni wa Katiba, tozo, ajira na kura. Ni ugomvi halali. Lakini mguu utakaopooza si wa Waziri, ni wa mwanawe.

Na serikali haijajifunza vya kutosha. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani liliripoti watu wanaoshukiwa kuugua Marburg mkoani Kagera. Wizara ikasema vipimo havikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Januari 2025 Rais mwenyewe akatangaza kwamba upo, Biharamulo. Siku chache hizo za kukana zina gharama. Safari nyingine serikali itakaposema kweli, nani atajua kwamba hii ndiyo kweli?

Kwa hiyo tunasema bila kumung'unya maneno.

Kwa serikali: toeni takwimu za magonjwa zikiwa nzuri, na zikiwa mbaya toeni haraka zaidi. Aliyeficha vifo jana asishangae akikataliwa sindano leo. Mwacheni daktari azungumze, na mkuu wa wilaya anyamaze. Msimjibu mwenye swali kwa karandinga. Na chanjo ikiwa na madhara, semeni. Hiyo ya Johnson & Johnson ilisimamishwa kwa siku kadhaa huko Marekani Aprili 2021 kwa sababu ya damu kuganda kwa watu wachache sana, wakachunguza, wakawaeleza wananchi, wakaendelea. Mwananchi anayeambiwa ukweli wote, pamoja na ule mchungu, ndiye anayekunja shati.

Kwa viongozi wetu wa upinzani: msiibebe chanjo jukwaani kama fimbo. Idaini serikali hesabu za fedha za chanjo, idaini ripoti, idaini majokofu yanayofanya kazi kwenye zahanati. Hiyo ndiyo kazi yenu. Lakini siku muuguzi anapopita mtaani, kiongozi wa tawi aongozane naye.

Na kwako wewe kijana, hatukwambii uitikie. Aliyekuja kukwambia itikia alishakuja, tena wa kila rangi. Tunakwambia uliza. Uliza chanjo hii inazuia ugonjwa gani, na ugonjwa huo unaua nani. Uliza imeshatumika wapi, kwa watu wangapi, na madhara yake ni yapi. Uliza anayekukataza ana ushahidi gani, na anayekulazimisha ana ushahidi gani. Muulize muuguzi wa zahanati, usimuulize mpiga debe. Kisha jiulize swali la mwisho ukiwa peke yako: kama chanjo hii ingeletwa na chama changu, ningeikataa? Na kama ningeikubali, basi leo ninakataa nini?

Ukimaliza, nenda nyumbani uitafute kadi ya kliniki ya mwanao. Iko mahali, chini ya godoro au kwenye mkoba wa mama yake. Ifungue uone kama kuna sehemu iliyobaki wazi. Kama ipo, kesho asubuhi mpeleke, hata kama unakwenda na fulana ya chama chako. Hapo dirishani hawatakuuliza habari zake.

Serikali hii tutaendelea kubanana nayo kwenye sanduku la kura, mahakamani na kwenye kurasa hizi. Kwa mapambano hayo tunakuhitaji ukiwa mzima.